Sura ya Tano: Jina Limepita, Jinsia Imekwama

Sheria za Kenya zinamruhusu mtu mzima kubadili jina lake. Wakili humwandalia hati, yeye huitia sahihi, hati husajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka, kisha tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba fulani, aliyekuwa akiitwa hivi, kuanzia sasa ataitwa vile. Wapo waliosilimu wakabadili majina, waliobatizwa wakabadili, na wanasiasa waliotaka jina walilozoeleka nalo mitaani liwe ndilo la karatasi ya kura. Hakuna ofisa anayewauliza sababu za moyoni. Jina ni lao, wamelichagua, serikali imeliandika.

Kwenye kitambulisho hichohicho cha kitaifa, karibu na jina na tarehe ya kuzaliwa, pana mstari mwingine: jinsia. Mstari huo hauna njia yake. Sheria ya Usajili wa Watu inamtaka ofisa auandike, lakini haimwambii la kufanya pale mtu anapofika mbele yake akasema, kilichoandikwa hapa si mimi.

Wanaofika na maneno hayo ni Wakenya transijenda, yaani watu ambao jinsia wanayoijua nafsini mwao na kuishi nayo kila siku ni tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Kwao mstari huo mmoja unagusa kila kitu, kwa sababu nchini Kenya kitambulisho huombwa kila mahali. Wakala wa M-Pesa anakitaka. Kinatakiwa kusajili laini ya simu, kufungua akaunti ya benki, kulazwa hospitalini, kuajiriwa, kupiga kura. Mlinzi wa lango la jengo la ofisi hukichukua na kukiweka kwenye droo mpaka mgeni atoke. Polisi wa doria hukiomba usiku. Mwanamke anayetoa kitambulisho kinachomwita mwanamume hulazimika kueleza habari za mwili wake kwa mtu asiyemjua, huku foleni nyuma yake ikisikiliza. Akishindwa kueleza, au akieleza asiaminiwe, hurudi nyumbani bila huduma, na mara nyingine huishia kituo cha polisi.

Sura hii inasimulia jinsi mahakama za Kenya zilivyofungua njia ya jina na kwa nini njia ya jinsia bado imefungwa. Hoja yangu ni moja. Haki ambayo lazima kila mtu aishtaki serikali ndipo aipate haijawa haki ya raia wote. Itakuwa haki siku Bunge litakapoandika utaratibu ambao mkazi wa Lodwar au wa Kwale anaweza kuufuata mwenyewe, katika ofisi ya usajili iliyo karibu naye, bila wakili na bila kutangazwa.

Daftari lililoandikwa na watu

Wanaopinga mabadiliko husema kwamba daftari la serikali hurekodi ukweli wa maumbile, na ukweli haubadilishwi. Historia ya daftari hilo inasema vingine.

Usajili wa watu nchini Kenya ulianza kwa ajili ya kudhibiti kazi. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika wenye umri wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole na maelezo ya ajira, iliyotiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mfanyakazi aliyeacha shamba la setla bila ruhusa alisakwa kwa kipande hicho. Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya iliyowahusu wanaume wa rangi zote. Wanawake hawakuwamo. Ilibidi sheria irekebishwe mwaka 1978, miaka 15 baada ya uhuru, ndipo mwanamke wa Kenya akapata nafasi ya kusajiliwa na kupewa kitambulisho chake.

Tuitafakari miaka hiyo. Kwa zaidi ya nusu karne daftari la utambulisho halikuwa na nafasi ya mwanamke. Alilima, alilipa kodi, baada ya uhuru alipiga kura, akazika na kuzaa, lakini kitambulisho hakumiliki. Mwaka 1978 hakuna mwili wa mwanamke uliobadilika. Serikali ilikiri kwamba daftari lake lilikuwa na upungufu, ikalipanua. Kabila, mahali pa kuzaliwa, umri wa kusajiliwa, umbo la kadi yenyewe: yote yameandikwa, yakafutwa na kuandikwa upya kadiri serikali ilivyoona haja. Basi swali la watu transijenda si kama daftari linaweza kubadilishwa. Ni kama wao wanahesabiwa miongoni mwa watu ambao daftari hubadilishwa kwa ajili yao.

Cheti kilichofika mahakamani

Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, alifanya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, mwaka 2001 akapata alama ya A-. Cheti chake kilibeba jina la kiume na alama ya jinsia ya kiume. Miaka ilipita, akapata uthibitisho wa madaktari, akaanza matibabu, akabadili jina lake kwa mujibu wa sheria. Kikabaki cheti. Kwa kijana wa Kenya cheti cha kidato cha nne ndicho ufunguo wa chuo na kazi, na ufunguo wa Audrey ulikuwa na jina la mtu ambaye mwajiri hamwoni mbele yake. Mwenye kuajiri huona mwanamke, husoma jina la mwanamume, na wazo la kwanza ni kwamba cheti si chake.

Aliliomba Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, libadili jina na kuondoa alama ya jinsia. Halikukubali. Mwaka 2013 akalipeleka suala Mahakama Kuu jijini Nairobi, na Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir akatoa hukumu. Hoja zake zilikuwa nyepesi kufuata. Kanuni za baraza zilikuwa tayari zinaliruhusu kukirudisha cheti ili kirekebishwe. Hapakuwa na kanuni iliyolazimisha cheti kuwa na alama ya jinsia. Zaidi ya yote, alama za mtihani hazitolewi kwa kuangalia kama mtahiniwa ni wa kike au wa kiume, kwa hiyo kuiondoa alama hiyo hakuupunguzii mtihani heshima yoyote. Jaji aliutazama pia utu wa binadamu, ambao Ibara ya 28 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kila mtu anao na ana haki uheshimiwe na kulindwa. Akaliagiza baraza litoe cheti kipya chenye jina la Audrey na kisicho na alama ya jinsia.

Miezi michache kabla ya hapo, Julai 2014, Jaji George Odunga alikuwa ameamua kesi nyingine iliyomhusu Audrey na wenzake. Walitaka kusajili shirika lao, Transgender Education and Advocacy, na bodi ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali haikuwasajili. Jaji aliona kwamba walitendewa isivyo haki na kwa ubaguzi, akaamuru shirika lisajiliwe. Hivyo watu transijenda wakawa na chombo kinachotambuliwa na sheria, chenye mhuri, akaunti na haki ya kuzungumza kwa jina lake.

Hukumu hizi mbili ni kubwa, na kila Mkenya anayethamini Katiba anapaswa kuzijua. Lakini msomaji makini ataona mpaka wake. Katika kesi ya cheti jaji aliweza kumpa mlalamikaji haki yake kwa kuiondoa alama ya jinsia, kwa sababu hapakuwa na kanuni iliyoidai. Kitambulisho hakina mlango huo. Huko jinsia imetajwa ndani ya sheria yenyewe kama jambo ambalo lazima liandikwe. Alama isiyoweza kuondolewa inabidi isahihishwe, na hapo ndipo sheria inaponyamaza. Jina limepita mlangoni, jinsia imekwama kizingitini.

Ukimya huo huwaumiza watu kwa njia ambazo watunga sheria hawakuzikusudia. Mtu transijenda anayebadili jina hutangazwa katika Gazeti Rasmi, jina la zamani na jipya bega kwa bega, ambapo jirani, mwenye nyumba au mwajiri anaweza kusoma miaka mingi baadaye. Kisha hupata kitambulisho chenye jina la kike na jinsia ya kiume, au kinyume chake. Kabla ya hapo angeweza kudhaniwa kuwa mtu wa jina hilo la kale. Sasa kadi yake yenyewe inatoa siri yake kwa kila anayeisoma.

Waliotangulia: Wakenya huntha

Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya mwili yasiyoangukia moja kwa moja upande wa kike au wa kiume. Si lazima awe transijenda, na mtu transijenda si lazima awe huntha. Makundi haya mawili huchanganywa mara nyingi, na ni vyema kuyatofautisha. Hata hivyo safari ya huntha katika sheria za Kenya inafundisha mengi, kwa sababu ilianza katika ukimya huohuo.

Mwaka 2010 iliamuliwa kesi ya mfungwa mmoja huntha, aliyewekwa gereza la Kamiti pamoja na wanaume na kupekuliwa kwa namna ya kumdhalilisha. Majaji watatu walimpa fidia ya shilingi 500,000 kwa mateso hayo, lakini wakakataa ombi kwamba sheria itambue kundi la tatu. Mwaka 2014 kesi ya mtoto aliyejulikana mahakamani kama Baby A iliamuliwa na Jaji Isaac Lenaola. Mtoto huyo alizaliwa mwaka 2009, na katika hati zake za hospitali, mahali pa kuandika jinsia, paliwekwa alama ya kuuliza. Jaji alimtaka Mwanasheria Mkuu aieleze mahakama ni chombo gani kinachokusanya taarifa za watu huntha na sheria ya kuwalinda imefikia wapi.

Agizo hilo lilizaa matunda. Mwaka 2017 kikaundwa kikosi kazi cha kuchunguza hali ya Wakenya huntha. Katika sensa ya mwaka 2019 Kenya ikawahesabu: kati ya watu 47,564,296, watu 1,524 waliandikwa kuwa huntha. Wanaharakati waliamini idadi halisi ni kubwa zaidi, maana si kila kaya ingemweleza karani wa sensa jambo la faragha namna hiyo. Lakini hesabu ilifanyika, na serikali haikuweza tena kusema watu hao hawapo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikamtaja mtoto huntha waziwazi na kumpa haki ya kutendewa kwa heshima na kupata huduma.

Kutoka alama ya kuuliza hadi sheria ya Bunge ni miaka 13. Njia ilikuwa ileile: mtu mmoja akashtaki, jaji akauliza, serikali ikalazimika kuchunguza, watu wakahesabiwa, Bunge likaandika. Watu transijenda wamesimama katikati ya njia hiyo. Wamekwisha kushtaki na majaji wamekwisha kusema.

Kinachowakwamisha ni hisia iliyojengeka kwamba huntha anastahili huruma kwa kuwa aliumbwa hivyo, na transijenda hastahili kwa kuwa amejitakia. Utaisikia bungeni, kwenye mimbari na redioni. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, liliiondoa hali ya kuwa transijenda katika fungu la magonjwa ya akili. Lakini hata bila sayansi hiyo, ni nani achague maisha ambayo kila kaunta ni mahojiano na kila safari ya matatu inaweza kuishia kituoni? Na tena, haki za Katiba hazigawiwi kwa kipimo cha huruma. Mtu aliyebadili dini amefanya uamuzi wake mwenyewe, na Katiba inamlinda kwa nguvu zilezile inazomlinda mtu kwa kabila alilozaliwa nalo.

Eldoret

Mwaka 2019 mwanamke mmoja transijenda alikamatwa mjini Eldoret kwa tuhuma za kujifanya mtu mwingine. Aliwekwa rumande katika gereza la wanawake, akapekuliwa akiwa uchi, kisha akapelekwa hospitalini kupimwa ili serikali ijue yeye ni wa jinsia gani. Alishtaki. Mwaka 2025 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret aliamua kwamba utu wake ulivunjwa, akaamuru alipwe shilingi milioni 1. Kisha akapiga hatua ambayo watangulizi wake hawakuipiga: aliiagiza serikali ipeleke bungeni mswada wa kulinda haki za watu transijenda, au mswada wa watu huntha ufanyiwe marekebisho ili uwahusu na wao.

Hakuna kifungu katika sheria za Kenya kinachosema kuwa transijenda ni kosa. Lakini tuhuma ya kujifanya mtu mwingine humwandama kila ambaye sura yake hailingani na kadi yake. Mzunguko wenyewe unatisha. Serikali inaandika jinsia isiyomfaa mtu, inamnyima njia ya kuisahihisha, kisha inamkamata kwa kuwa hafanani na ilichoandika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wengi wetu hatujawahi kupimwa hospitalini kwa amri ya polisi ili tuthibitishe kwamba sisi ni sisi. Jaji wa Eldoret aliwatazama walio nyuma ya mlalamikaji wake, wasio na wakili, akaona kwamba fidia ya mtu mmoja haitoshi.

Walikopita wengine

Kenya si ya kwanza Afrika kukabiliwa na suala hili. Nchini Botswana mtu aliyetajwa mahakamani kama ND, aliyeandikwa wa kike na kuishi kama mwanamume, alikataliwa kubadilishiwa alama ya jinsia kwenye kitambulisho. Septemba 2017 Mahakama Kuu ya Lobatse iliamua kwamba kukataa huko kulivunja haki zake za utu, faragha na usawa mbele ya sheria. Ilitegemea pia sheria ya usajili ya Botswana yenyewe, ambayo inampa msajili wajibu wa kurekodi mabadiliko makubwa katika taarifa za mtu na kumpa kadi mpya. Hakukutungwa sheria mpya. Kifungu cha zamani kilisomwa kwa macho ya Katiba. Miezi michache baadaye mwanamke mmoja transijenda alishinda kesi kama hiyo huko Gaborone.

Afrika Kusini ilitangulia kwa kutunga sheria maalumu, Sheria namba 49 ya mwaka 2003, inayomruhusu mtu aliyepata matibabu au upasuaji kuomba jinsia yake isahihishwe. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, lakini iligonga ukuta mbele ya dirisha la ofisi. Maofisa waliendelea kudai ushahidi wa upasuaji hata pale sheria ilipotaka matibabu tu. Wanandoa waliambiwa lazima watalikiane kwanza. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Western Cape ililazimika kuiambia wizara kwamba sheria haikuweka sharti hilo la talaka. Somo lake liko wazi: utaratibu ukiachiwa ofisa autafsiri apendavyo, haki hugeuka hisani.

Sweden inafundisha hatari ya aina nyingine. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuwa na sheria ya namna hii, mwaka 1972, lakini iliweka sharti kwamba anayeomba lazima awe amefungwa kizazi. Kwa miaka 40 watu walilipia karatasi kwa uwezo wao wa kuzaa. Sharti liliondolewa mwaka 2013, na mwaka 2018 bunge likapitisha fidia ya kronor 225,000 kwa kila aliyepitia hayo. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu nayo iliamua, katika kesi dhidi ya Ufaransa, kwamba kumlazimisha mtu kufanyiwa upasuaji wa kumwondolea uzazi ili atambuliwe kunavunja haki zake.

Argentina ilichukua njia iliyo nyepesi zaidi. Sheria namba 26.743 ya mwaka 2012 inamruhusu mtu mzima kwenda mwenyewe ofisi ya usajili na kutamka jinsia yake. Hatakiwi upasuaji, dawa wala cheti cha daktari wa akili. Halipi kitu na hahitaji wakili. Namba ya kitambulisho inabaki ileile, hivyo madeni, mirathi, na wajibu wake kwa watoto havibadiliki. Mabadiliko hayatangazwi gazetini, na faili la zamani halifunguliwi ila kwa idhini yake au amri ya hakimu. Kila kikwazo nilichokitaja katika sura hii, sheria hiyo fupi inakigusa.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ni udanganyifu: mhalifu atabadili jinsia ili apotelee. Lakini Kenya humtambua mtu kwa alama za vidole na namba. Mtu akibadili mstari mmoja kwenye kadi, vidole vyake havibadiliki. Tumekubali tangu zamani kwamba mke anaweza kuchukua jina la mume, akaliacha, akachukua jingine, na hakuna aliyesema daftari limeharibika. Ukweli ni kwamba kadi inayolingana na sura ya mwenye nayo humsaidia polisi kuliko ile inayopingana nayo.

Hoja ya pili inahusu magereza, wodi za hospitali na michezo. Hayo ni maswali halali, na yanastahili kujibiwa moja moja na wanaoyajua: wasimamizi wa magereza wakitazama usalama wa kila mfungwa, madaktari wakitazama tiba, mashirikisho wakitazama ushindani. Mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kitambulisho kinachomtaja sawasawa ili alipwe mshahara hawezi kunyimwa kwa sababu mchezo wa riadha bado haujakamilisha kanuni zake.

Hoja ya tatu, na yenye uzito kwa wengi wetu, ni dini. Siidharau. Wapo Waislamu na Wakristo wenye dhamiri safi wanaoamini kwamba jinsia ya kuzaliwa haiguswi, na Ibara ya 32 inawalinda katika imani hiyo. Lakini dini nazo hazikuwa na sauti moja. Wanazuoni wa fiqhi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani yetu, walijadili kwa karne nyingi mirathi na ibada za huntha, kwa sababu mtu huyo alikuwa mbele yao na alihitaji jibu. Nchini Iran, katika miaka ya 1980, fatwa ya Ayatollah Khomeini iliruhusu watu kubadili jinsia kwa matibabu, na serikali ikawapa hati mpya. Sharti lao la upasuaji silikubali, lakini mfano huo unatosha kuonyesha kwamba kauli ya dini zote zinakataa si sahihi. Na Ibara ya 8 inasema Kenya haina dini ya taifa. Msikiti na kanisa vitabaki na maamuzi yao ya ndoa na ibada. Daftari la serikali ni la raia wote.

Sheria iseme nini

Bunge likianza kazi hii, halina haja ya kubuni kutoka mwanzo. Liseme kwamba mtu mzima ataomba kwa tamko lake mwenyewe lililoapwa, bila sharti la upasuaji, dawa wala talaka. Limpe msajili muda maalumu wa kujibu, na akikataa atoe sababu kwa maandishi, kama Ibara ya 47 inavyodai pale uamuzi wa serikali unapogusa vibaya haki ya mtu. Lihifadhi namba ileile ya kitambulisho. Liondoe tangazo la Gazeti Rasmi kwa maombi haya, maana faragha ya Ibara ya 31 haiwezi kusimama pamoja na tangazo hilo. Lifanye kitambulisho kilichosahihishwa kiwe ushahidi wa kutosha wa kubadilisha hati nyingine zote: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, vyeti vya shule, namba ya ushuru, kadi ya afya. Na liwape polisi na magereza mwongozo ulioandikwa, ili yaliyotokea Eldoret yasirudiwe.

Sheria hiyo haitamaliza kila dhiki. Haitamrudishia mtu familia iliyomfukuza wala kumzuia mwenye nyumba mwenye chuki. Kazi ya kubadili mioyo itabaki kwetu. Lakini itaiondoa serikali katika orodha ya wanaomsumbua mtu huyo, na serikali ndiyo msumbufu mwenye nguvu kuliko wote, kwa kuwa ndiyo yenye daftari.

Msingi wake umeshaandikwa. Ibara ya 12 inampa kila raia haki ya pasipoti na hati za utambulisho. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi kwa sababu yoyote. Ibara ya 35 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa zisizo za kweli au zinazopotosha ambazo zinamgusa. Soma kifungu hicho cha mwisho ukiwa umeshika kitambulisho cha mwanamke anayeitwa mwanamume: kinamhusu neno kwa neno.

Sheria inapojadiliwa, Ibara ya 118 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Safari nyingi vikao hivyo hujazwa na wanaopinga, kwa sababu wanaoguswa huogopa kuonekana, na wanaowaunga mkono huona jambo si lao. Mswada utakapofika, andika maoni yako. Hudhuria kikao cha kaunti yako. Mwambie mbunge wako kwamba unajua hukumu ya cheti na hukumu ya Eldoret, na kwamba majaji wamefanya sehemu yao. Sehemu iliyobaki ni ya Bunge, na Bunge hufanya kazi linapoona kwamba wapiga kura wanalitazama.